Taa ya Gati la Skarvøya

Borghild Isaksen alikuwa na ulimi ambao hata mabaharia waliuogopa. Alikuwa mpishi wa meli ya Nordfara, ile inayopanda na kushuka pwani ya Norwe mwaka mzima, imebeba watalii, vifurushi vya posta, vipuri vya trekta, samaki wa barafu, na watu wa kawaida wanaokwenda kumwona daktari au kumzika shangazi. Kwao ni Finnmark, kaskazini kabisa, ambako mtu humtaja Ibilisi mara tatu kabla ya kumaliza kikombe cha kwanza cha kahawa na hakuna anayedhani ametukana. Aliwatukana maboksi ya viazi, akaitukana mikate iliyokataa kuumuka, na siku moja alimtukana ofisa wa kampuni aliyekuja kupima ukubwa wa sahani. Yule ofisa alishuka kituo kilichofuata.

Mumewe Edvart alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Walionana kwenye foleni ya mkahawa wa meli, miaka hiyo wote wawili wakiwa vijana. Edvart alikuwa ameshika trei tupu. Akampisha mama mwenye mtoto mgongoni. Akampisha mzee. Likaja kundi la wavuvi wenye njaa, akawapisha wote, na keki za samaki zilipokwisha alikuwa bado ameshika trei yake, anatabasamu kama mtu aliyekosea mlango.

"We kaka," Borghild akamwambia, "umekuja kula au umekuja kulinda foleni?"

"Nasubiri nafasi tu."

"Nafasi hailetwi na posta. Kaa pale."

Akamkaangia mayai aliyokuwa amejiwekea mwenyewe. Mwaka uliofuata walioana, na Borghild akahamia Skarvøya, katikati ya watu ambao hakuwahi kuwaelewa hata siku moja.

Skarvøya ni kisiwa cha watu wema, na hilo ndilo lililomkera. Paa lako likiezuliwa na upepo, asubuhi utawakuta majirani juu ya nyumba na misumari mdomoni, wala hujamwita mtu. Lakini ole wako uwaite. Kusaidia ni wajibu, kuomba ni fedheha. Mtu wa Skarvøya akiteleza gatini akaanguka majini, atataka kwanza kujua kama walio juu wamemaliza kula. Hayo ni maneno ya Borghild, si yangu, ila nimekaa nao kiasi cha kutosha kujua kwamba hakuongeza chumvi nyingi.

Zamani Nordfara ilifunga kamba Skarvøya kila ilipopita, awepo abiria, asiwepo. Kisha meli ikaanza kujaa watalii, wakuu wa kampuni wakaona vituo vidogo vinawapotezea muda, wakaweka taa ya kuitia meli. Ilikuwa taa ya kijani juu ya nguzo, na kitufe chake kwenye ukuta wa banda la gati. Anayetaka kusafiri abonyeze. Nahodha akifika mnara wa Lamholmen aangalie: ikiwa inawaka aingie, ikiwa imezimika apite. Jambo jepesi, mtoto angeliweza. Ila walioiweka hawakuwajua watu wa Skarvøya.

Wa kwanza kuiwasha alikuwa Hjalmar mwenye duka, naye alikuwa anakwenda kununua viatu. Meli nzima ikageuka, kamba zikatupwa, ngazi ikashushwa, watalii wakajipanga sitahani kuona ni nani anayepanda. Akapanda Hjalmar na mfuko wake wa plastiki. Kisiwa kilimtania hadi mwaka ukageuka. "Hjalmar, vipi, leo huitiwi meli? Au utakwenda kwa miguu kama sisi?" Tangu hapo, bila mkutano wala tangazo, ikawa sheria: mtu mmoja hawashi taa. Wakiwa wawili wanaweza kuwasha, lakini kwa kusitasita. Watatu ndiyo adabu. Basi siku ya meli watu walikaa nyuma ya mapazia, koti begani, wakichungulia ni nani anayeshuka gatini na begi.

Borghild yeye aliiwasha peke yake kila alipokwenda kazini, tena kwa ngumi, na kisiwa kilimsamehe kwa kuwa alikuwa mgeni.

Vuli hiyo moyo wa Edvart ulianza kuchoka. Hakusema. Alianza tu kusimama katikati ya mlima wa kanisani, akaigeukia bahari, akaitazama kitambo.

"Unatazama nini?" Borghild akamuuliza.

"Bahari imependeza leo."

"Bahari hiyo umeitazama tangu umezaliwa hukuwahi kuisifia. Ndiyo leo imependeza? Vua kofia nikuone."

Uso ulikuwa wa kijivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Borghild hakuwa mtu wa kungoja kifo kije kumsuta mumewe. Akamburuta hadi kwa daktari wa wilaya. Daktari akasikiliza kifua, akapiga simu hospitali ya Bodø palepale, akapewa kitanda cha Jumatano. Mshipa unaziba, alisema, na si wa kungojewa. Borghild akataka kuomba ruhusa kazini ampeleke mwenyewe. Edvart akakataa katakata. Wiki hiyo Nordfara ingepita Skarvøya siku hiyohiyo ya Jumatano ikielekea kusini, Borghild akiwa ndani. Kwa nini awasumbue watu kazini kwake kutafuta mpishi wa muda, wakati meli yenyewe ndiyo itakayomchukua?

"Na supu yako nitakunywa," alisema. "Nisafiri kama mtalii."

Jumanne alasiri Borghild alimpigia simu kutoka jikoni, simu ikiwa begani na mikono ikiwa kwenye unga.

"Begi umefunga?"

"Nimefunga."

"Kesho ukishuka, jambo la kwanza taa. Kabla hujakohoa. Umenisikia, mzee?"

"Nasikia jino la Mathilde limemvimba. Huenda naye akashuka."

"Mpigie umuulize."

"Ah, huwezi kumuuliza mtu habari za jino lake."

"Basi muulize Torleif. Goti lake lile, si analalamika tangu Pasaka?" Torleif ni kaka yake Edvart, mjane, nyumba yake iko juu ya banda la gati, dirisha lake linatazama nguzo ya taa.

"Torleif hajasema kama anakwenda. Nikimuuliza ataona namlazimisha."

"Ninyi watu, Ibilisi mwenyewe akija kuwachukua mtamwambia atangulie. Edvart, wewe ni mgonjwa. Unanielewa? Meli ile ni yako kesho. Wasafiri mia tano si kitu, watakaa. Washa taa."

"Nitaona."

"Huna cha kuona. Utawasha."

"Haya, nitawasha," akasema Edvart kwa upole, na Borghild, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alipaswa kujua kwamba upole ule haukuwa ahadi. Alikasirika hata kabla ya kukata simu, na mkate wa jioni ile ulikandwa kama mtu anayepigana.

Jumatano upepo ulikuwa wa kaskazini-magharibi, wa kawaida kwa majira hayo. Meli ilipokaribia Lamholmen Borghild aliacha sufuria kwa msaidizi wake, akatoka sitahani na aproni yake. Watalii walikuwa wamejaa kwenye reli, wamevaa makoti mekundu waliyogawiwa na kampuni. Akajipenyeza kati yao. Kisiwa kikatokea nyuma ya mwamba, nyumba nyeupe na nyekundu, kanisa, gati, banda. Edvart alikuwepo. Alisimama wima na begi lake miguuni, kofia ya sufu masikioni, bega lake likikaribia kuugusa ukuta wenye kitufe.

Taa ilikuwa imezimika.

Borghild akatoa simu. Ikaita mara mbili, naye akamwona, mdogo kule gatini, anaipapasa mifuko.

"Edvart, taa!"

"Ndiyo wewe huyo? Nakuona. Umetoka bila koti."

"Washa taa!"

"Niko peke yangu, Borghild. Nimengoja, hakuna aliyeshuka."

"Kitufe kiko begani kwako. Bonyeza."

"Na upepo huu jamani, kumgeuza nahodha kwa ajili ya mtu mmoja. Nitakwenda na meli nyingine, ya Ijumaa. Ijumaa huwa kuna watu."

Hapo Borghild akapiga kelele, na kelele ile haikuwa na neno la kuandikwa. Watalii wakasogea. Akapanda ngazi za chuma mbio, akaipita alama inayokataza watu, akafungua mlango wa chumba cha usukani bila kubisha. Nahodha Ravndal, mtu mstaarabu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aligeuka kumtazama kama mtu aliyeona sufuria imepanda yenyewe juu.

"Ingia Skarvøya," Borghild akasema huku anahema. "Mume wangu yuko gatini, ana miadi ya moyo."

"Taa haikuwaka, Bi Borghild."

"Nimekwambia mimi. Mimi ndiyo taa."

"Mnara tumeshaupita. Nikigeuza sasa, upepo utatubwaga kwenye mwamba. Ungenijulisha asubuhi ningejiandaa. Na ofisini wanasema..."

"Ofisini! Jana kwa nyangumi uligeuza. Ulizunguka mpaka supu yangu ikapoa, watu wapige picha mkia. Nyangumi aliwasha taa?"

Ravndal akaona haya, hilo ni lazima nilikiri kwa niaba yake. Alimtazama baharia wa zamu, kisha akaitazama bahari. "Nyangumi hakuwa ndani ya mlango mwembamba wa bahari," alisema kwa sauti ya chini. "Samahani sana. Ngoja niagize kahawa, tuzungumze."

Katika pwani ile, anayekunywa kahawa yako amekusamehe. "Kahawa yako mwagia samaki," Borghild akamjibu.

Kupitia kioo cha pembeni aliliona gati likirudi nyuma. Edvart alikuwa ameinua mkono. Alikuwa anaiaga meli, taratibu, kwa adabu, kama anavyofanya mtu aliyemsindikiza mgeni. Na watalii wote wa makoti mekundu, wakidhani mzee yule amekuja gatini makusudi kuwasalimu, wakainua mikono yao nao, wakampungia, wakapiga picha. Borghild aliuchukia mkono ule. Tangu aolewe hakuwahi kumchukia Edvart kwa lolote, lakini mkono ule aliuchukia kwa moyo wake wote, na alikuwa hana pa kuipeleka chuki hiyo isipokuwa chini, jikoni, kwenye masufuria.

Alimpigia tena mchana. Alimwambia aite boti ya wagonjwa. Edvart akasema boti ile ni ya watu wanaoumwa. Akamwambia amemtia aibu mbele ya meli nzima. Edvart akasema amesikitika, kisha akauliza leo wamepika nini. Borghild akakata simu. Akapiga hospitali mwenyewe, akawabembeleza, yeye asiyejua kubembeleza, wakamhifadhia kitanda hadi Ijumaa.

Alhamisi Nordfara ilikuwa mbali kusini. Borghild alikuwa anachambua miiba ya samaki simu ilipoita, na aliyepiga alikuwa Torleif.

"Shemeji," alisema, "samahani kukusumbua kazini."

Borghild akaketi juu ya boksi la viazi. Alijua. Mtu wa Skarvøya hawezi kukusumbua kazini ila kwa jambo moja.

Torleif alimkuta kaka yake kwenye benchi la nje ya banda la mashua, viatu miguuni, kisu na nyavu mapajani. Hakuwa ameita mtu. Kutoka benchi lile hadi mlango wa Torleif sauti ya kawaida inafika.

Meli iliyomrudisha Borghild nyumbani iliingia Skarvøya bila taa yoyote kuwaka. Kampuni ilikuwa imepewa habari, bendera ikashushwa nusu mlingoti, kamba zikafungwa polepole na kwa heshima zote, na nahodha mwenyewe, mwingine huyu, si Ravndal, akaja ngazini kumpa mkono. Borghild hakuutoa wake. Kwa mjane walikuwa na nafasi ya kugeuza.

Walimzika Jumatano iliyofuata, upepo ukiwa umetulia. Baada ya makaburini watu walikwenda nyumba ya maombi kunywa kahawa, kama ilivyo desturi: meza ndefu, mikate ya mayai na samaki wa moshi, keki za aina nyingi kwa sababu kila nyumba ilileta yake bila kuulizana. Borghild alikaa meza ya mbele, Torleif upande wake wa kulia, mguu ameunyoosha. Kisha likaja lile zoezi la watu kusimama mmoja mmoja na kumkumbuka marehemu.

Akasimama Hjalmar. Alikohoa, akasema maneno machache ya wakati walipovua pamoja, akamalizia: "Edvart hakuwahi kumsumbua mtu." Vichwa vikaitikia. Akasimama mwenyekiti wa kwaya, akasema Edvart aliimba sauti ya chini na hakuwahi kumsumbua mtu. Akasimama binamu kutoka kisiwa cha pili. Alikuwa ameandaa hotuba yake mwenyewe, ila alipofika mwisho wake naye akasema lilelile, kwa sababu kule hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo, na wengine huiandika kwenye jiwe la kaburi.

Borghild akasukuma kiti. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu, watu wakakunja nyuso kwa kelele.

"Rudieni," akasema. "Semeni tena hilo neno lenu. Hakuwahi kumsumbua mtu. Kweli kabisa. Amekufa bila kumsumbua mtu, na ninyi mnamsifu. Mimi nilimwona, kwa macho haya. Kitufe kilikuwa begani kwake. Kitanda kilikuwa kinamngoja, daktari alikuwa ananawa mikono. Akashindwa kubonyeza kitufe, mtu aliyewahi kuvuta mashua kwenye barafu kwa meno, kwa sababu gani? Kwa sababu alikuwa peke yake. Kwa sababu mlimcheka Hjalmar kwa viatu."

Hjalmar akazitazama keki.

"Kampuni nitaitukana hadi kufa kwangu, msiwe na wasiwasi, zamu yao ipo. Lakini taa ile hawakuizima wao. Mliizima ninyi, na haya zenu, na ustaarabu wenu, na mapazia yenu. Angekuwepo hata mmoja wa kusimama naye. Mmoja tu. Alimngoja mtu, hakuja. Ndivyo alivyoniambia: nimengoja, hakuna aliyeshuka."

Alitaka wamjibu. Alitaka mtu mmoja asimame amtukane, wagombane kama watu wa kwao wanavyogombana, meza zipinduke. Hakuna aliyesimama. Mtu fulani, kwa wema, akamjazia kikombe chake.

Kisha Mathilde akasema. Alikuwa bibi mwembamba, shavu lake moja bado limevimba, na alizungumza na kikombe, si na Borghild.

"Nilikuwa nimefunga begi," alisema. "Jumatano ile. Kwa ajili ya jino. Nilikuwa mlangoni na koti langu. Nikamwona Edvart amesimama pale, nikasema, nikishuka ataona inambidi awashe kwa ajili yangu. Mgonjwa yule, nisimtwishe mzigo. Nikangoja awashe mwenyewe, ndipo nishuke."

Borghild alikuwa bado amesimama, mkono juu ya meza. Pembeni yake Torleif alikuwa anaikunja karatasi ya kufutia mikono, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo haikunjiki.

"Shemeji," akasema.

"Usiseme," Borghild akamwambia. "Torleif, usiniambie."

"Nilikuwa na miadi ya goti. Bodø, siku hiyohiyo. Viatu nilishavaa." Alivuta pumzi. "Nikamwona kutoka dirishani. Hakuniambia kama anasafiri, nikajua hataki kufuatwa. Mtu akiumwa hapendi kutazamwa. Nikasema nitakwenda Ijumaa, nimwachie meli yake."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya pazia."

Borghild alifungua kinywa. Alimtafuta Ibilisi wake wa kila siku, yule wa viazi na wa mikate na wa maofisa, hakumpata. Alimtazama Mathilde, akamtazama Torleif, akautazama ule ukumbi wote wa watu wema walioinamisha vichwa.

"Mlikuwa watatu," akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo mno, hata walioketi meza za nyuma hawakusikia, na hakuna aliyemwomba arudie.